Kumkanda mgonjwa wa saratani nyumbani: mikono, miguu na mahali pa kutogusa

"Mama yuko kwenye kemo, naweza kumkanda miguu?" "Baba mgongo unamuuma, nimsugue na mafuta gani?" "Nimeambiwa ukimkanda mwenye saratani unaisambaza mwilini, ni kweli?" Maswali haya hayaishi, na anayeuliza mara nyingi ni binti, mke au mdogo wa mgonjwa aliyeachiwa kazi yote ya kuuguza na hakuna aliyemfundisha. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe.

Nianze na swali la tatu, maana ndilo linalowafanya watu waogope hata kumshika mgonjwa mkono. Hapana, kukanda taratibu hakusambazi saratani. Saratani husambaa kwa tabia ya chembe zake zenyewe, zinazopenya kwenye damu na mitoki (tezi za limfu, kama zile za kwapani na kinenani), na damu hiyo inazunguka usiku na mchana hata mgonjwa akiwa amelala tuli. Kukandamiza juu ya uvimbe wenyewe ni jambo lingine, na hilo ni marufuku. Unaumiza, unaweza kuchubua ngozi, na kidonda juu ya uvimbe ni kazi ngumu kukiponya.

Jua pia unachokifanya ni nini. Kukanda hakuondoi saratani, hakupunguzi uvimbe, hakutoi "sumu" mwilini. Kunapunguza maumivu, hofu na kichefuchefu kwa muda, na kunamsaidia mtu alale. Basi, na kwa mgonjwa hayo si madogo. Mwaka 2008 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 380 wenye saratani iliyofika mbali: waliokandwa walipata nafuu palepale, na hata wale waliowekewa tu mikono bila kukandwa walipata nafuu kiasi. Haikudumu. Ndiyo maana nakwambia kanda kidogo, mara kwa mara, na wala huhitaji nguvu. Utafiti mwingine wa 2013 uliwachukua wauguzaji wa nyumbani kama wewe, watu wasio na taaluma yoyote, wakafundishwa kwa video. Dalili za wagonjwa wao zilipungua kwa asilimia 29 hadi 44 baada ya kukandwa. Waliosomewa tu kitabu nao walipata nafuu ya asilimia 12 hadi 28, kwa hiyo siku ambayo haiwezekani kukanda, keti umsomee: Kurani, Biblia, gazeti, chochote anachokipenda.

KABLA YA KUGUSA: MAMBO YA KUULIZA KLINIKI

Usiruke sehemu hii. Siku ya kliniki, iwe Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au hospitali yoyote anayotibiwa, mwambie daktari au muuguzi: "Nataka kuwa namkanda mikono na miguu nyumbani, polepole. Kuna mahali nisiguse?" Swali hilo moja linatosha kufungua mazungumzo. Kisha hakikisha mmegusia haya:

- Chembe sahani za damu, zile zinazofanya damu igande. Kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, huzishusha. Kwenye karatasi ya majibu ya damu tafuta mstari ulioandikwa PLT. Kawaida ni 150 hadi 450. Ikiwa chini ya 50, mpake mafuta tu bila kubonyeza popote. Ikiwa chini ya 20, usisugue kabisa. Mshike mkono, inatosha.

- Mifupa. Saratani ya titi na ya tezi dume hupenda kwenda kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu na mapaja. Mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika kwa nguvu ndogo tu. Kama daktari amesema imefika kwenye mifupa, usikande mgongo, usivute mguu, usinyooshe kiungo.

- Mitoki iliyotolewa au kupigwa mionzi. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa mitoki ya kwapani, mkono wa upande ule haukandwi kama mwingine. Unaweza kuvimba na ukabaki hivyo. Kuna ukandaji maalumu wa kushusha uvimbe wa aina hiyo, nao hufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, usiubuni.

- Mguu mmoja kuvimba. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua zaidi wanawake wa Tanzania, inaweza kubana mishipa ya nyonga na mguu ukavimba. Pia damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Ukikanda mguu wenye damu iliyoganda, bonge linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mguu mmoja umevimba, una joto, unauma kwenye shavu la mguu: hapo hakuna kukanda, ni hospitali siku hiyohiyo.

- Eneo la mionzi. Ngozi yake iko kama imeungua hata kama haionekani. Usipake mafuta wala kitu kingine ambacho kliniki haijatoa. Na zile alama za wino alizochorwa mwilini ni za kulenga mionzi. Zikifutika kwa mafuta yako, kazi ya kupima inaanza upya.

- Mabaka ya Kaposi (aina ya saratani inayotokea kwenye ngozi), vidonda, kushona kwa upasuaji, mahali penye kanyula (kimrija kinachoachwa mshipani cha kupitishia dawa) au mrija: usiguse, wala usiguse karibu.

Majibu ya damu hubadilika. Ruhusa ya mwezi uliopita si ruhusa ya leo, hasa wiki ya pili baada ya kemo, ambapo damu huwa imeshuka.

VITU VYA KUANDAA

Mafuta ya nazi au ya alizeti, vijiko viwili vya chai tu. Yanuse kwanza: yaliyochacha yatamtapisha. Usitie manukato wala udi, kwa sababu kemo hugeuza harufu, na kitu alichokipenda miaka yote kinaweza kumchefua leo. Na weka mbali kabisa zile dawa za kuchua zenye mentholi na kafuri; zinachoma ngozi iliyokonda, na mwenye ganzi hatajua kwamba anaungua.

Taulo mbili, mito miwili au mitatu, kanga ya kumfunika, beseni na sabuni ya kunawia, kigoda au kiti kifupi cha kukalia wewe. Glavu, kama hazijapita saa 48 tangu kemo. Glavu hizo ni za lazima zaidi unaposhika mkojo, matapishi au kinyesi chake, maana dawa hutoka kwa njia hizo. Mjamzito asifanye kazi hiyo.

Halafu kuna suala la nani akande. Kwa watu wengi mkwe hamkandi mkwe miguu, na wapo wazee wasiopenda mtoto wa kiume amshike mama yake zaidi ya kiganja. Usilazimishe. Mjukuu anafaa sana. Kati yake na bibi au babu yake kuna utani, na mgonjwa hatajibana.

HATUA

1. Chagua saa. Asiwe ametoka kula sasa hivi, wala asiwe na njaa. Kama anatumia mofini ya maji, nusu saa hadi saa moja baada ya dozi ni wakati mzuri, mwili umetulia. Lakini kumbuka mofini inafunika maumivu: huenda asikwambie kwamba umezidisha nguvu, kwa hiyo kuwa mwepesi zaidi.

2. Omba ruhusa kila siku. "Shikamoo mama. Nikukande mikono leo, au nikuache upumzike?" Mpe nafasi ya kweli ya kukataa. Huyu ni mtu anayechomwa sindano, kupimwa na kuvuliwa nguo na wageni kila wiki bila kuulizwa sana. Kitu kimoja mwilini mwake akiamue mwenyewe. Akisema leo hapana, sema "haya mama" na ukae naye.

3. Tazama kabla ya kushika. Washa taa au fungua dirisha, inua kanga, linganisha miguu yote miwili: ukubwa, rangi, joto. Angalia nyayo na katikati ya vidole. Tafuta vidonda, michubuko mipya, madoa madogo mekundu yanayofanana na kuumwa na viroboto. Madoa hayo yanaweza kuwa dalili ya chembe sahani kushuka. Ukiyaona, acha kukanda na piga simu kliniki.

4. Mweke vizuri. Nusu kukaa kwa mito mgongoni ndiyo mkao unaowafaa wengi, hasa mwenye tumbo lililojaa maji au anayehema kwa shida. Weka mto chini ya magoti. Funika kila kitu isipokuwa sehemu unayoikanda, maana wanahisi baridi upesi. Wewe keti kwenye kigoda; ukikanda umeinama, mgongo wako utakuwa mgonjwa wa pili.

5. Kata kucha, vua pete na saa, nawa kwa sabuni. Sugua viganja vipate joto, kisha mimina mafuta kiganjani kwako, si mwilini mwake.

6. Shika tu kwanza. Weka viganja vyote viwili kuzunguka mkono au mguu wake na utulie hapo bila kufanya chochote kwa pumzi nne au tano. Watu wengi huruka hatua hii wakidhani haina kazi. Kwa siku ambazo damu yake iko chini, hatua hii ndiyo kazi yote.

7. Mkono. Anza na mgongo wa kiganja: pitisha kiganja chako chote kutoka vidoleni kuelekea kifundo, urudi bila kubonyeza. Uzito wa mkono wako uwe ule wa kumpaka mtoto mchanga mafuta, hapo hapo, usiuzidishe. Ngozi isogee, nyama ya ndani isibonyee. Ukiona ngozi inageuka nyeupe chini ya kidole chako, au kiungo kizima kinatikisika kitandani, umezidisha. Geuza kiganja, uzungushe vidole gumba vyako viwili polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha kidole kimoja kimoja, tangu shina hadi ncha, bila kuvuta wala kukiliza. Kwenye kucha pita juu juu. Dawa kama paklitakseli huzifanya kuwa nyeusi na kuuma. Dakika tano, halafu mkono wa pili.

8. Mguu. Shika kisigino kwa mkono mmoja kikae kama kimebebwa, mkono mwingine upite juu ya mguu kutoka vidoleni hadi kifundo. Zunguka kifundo kwa ncha za vidole. Kwenye unyayo tumia kiganja kizima badala ya kidole gumba. Mguso mwepesi mno wa kidole utamtekenya, na kidole kizito kitamuumiza. Mwenye ganzi ya kemo husema miguu inawaka au inachomwa sindano: kwake usisugue, funga mguu kwa viganja viwili ukae hapo. Ishia kwenye kifundo cha mguu. Shavu la mguu liache. Dakika tano kila mguu.

9. Kama ana kichefuchefu. Geuza mkono wake kiganja kikiangalia juu. Weka vidole vitatu (vyake, si vyako) kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo kuelekea kiwiko. Palipoishia kidole cha tatu, katikati ya zile kano mbili, bonyeza kwa kidole gumba taratibu, dakika mbili au tatu, kisha mkono wa pili. Hii ni sehemu ya tiba ya Kichina, nayo ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa zaidi kwa kichefuchefu cha kemo. Inaongezea nguvu dawa za kuzuia kutapika alizoandikiwa. Haichukui nafasi yake. Usiifanye kwenye mkono wenye kanyula au uliotolewa mitoki, wala chembe sahani zikiwa chini.

10. Maliza kwa kupangusa. Futa mafuta yote, hasa katikati ya vidole na kwenye unyayo. Nyayo zenye mafuta kwenye sakafu ya saruji ndizo zinazowaangusha wagonjwa wakienda msalani usiku. Mvalishe soksi. Nawa mikono. Kwenye daftari andika tarehe, maumivu yalikuwa mangapi kati ya 0 na 10 kabla na baada, na kitu chochote kipya ulichokiona mwilini. Daftari hilo lipeleke kliniki. Daktari ana dakika chache na mgonjwa, wewe ndiye unayeona miguu yake kila siku.

Mabega na mgongo? Kama mifupa ni salama na kliniki imeruhusu, aketi ameegemea mbele kwenye mto, nawe uweke viganja mabegani na kuvishusha pande mbili za uti wa mgongo bila kugusa uti wenyewe. Dakika mbili tatu. Shingoni na tumboni usiende.

MAKOSA YANAYORUDIWA

La kwanza ni nguvu. Tumelelewa kuamini kwamba kukandwa kusipouma hakujafanya kazi. Mama aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto mpaka analia, na aliyeteguka mguu vilevile. Mwili ulio kwenye kemo hauna akiba ya kuvumilia hivyo. Hata mgonjwa mwenyewe akikuhimiza, "kaza mkono mwanangu", mwambie kwamba daktari hajaruhusu.

La pili ni hayo maji ya moto. Dawa za kemo kama vinkristini, sisplatini na paklitakseli huleta ganzi na kuua hisia ya joto miguuni: anaweza kutia mguu kwenye maji yanayounguza na asishtuke. Ukitaka kumwosha miguu, maji yawe ya vuguvugu, na upime kwa kiwiko chako wewe.

La tatu linaniumiza zaidi kulisema, kwa sababu hufanywa kwa upendo. Uvimbe wa titi unakandwa kwa majani yaliyochemshwa, unachanjwa kwa wembe "damu chafu itoke", au mgonjwa anapelekwa kwenye hijama (kuumikwa damu) katikati ya mizunguko ya kemo. Damu yake haigandi vizuri na kinga yake iko chini. Mchanjo mdogo unaweza kutoka damu bila kukoma au kuoza. Hijama na chanjo za wembe zisubiri mpaka daktari wa saratani aseme sawa, na juu ya uvimbe zisifanywe kamwe.

Kutoka hapo, wengine huacha hospitali kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2018 walilinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na waliotibiwa hospitalini, saratani zao zikiwa bado zinatibika. Wale wa tiba mbadala pekee walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi. Kanda, omba dua, paka mafuta, lakini tarehe ya mionzi ikifika awe kwenye foleni.

YAKITOKEA HAYA

Anasema panauma unapogusa. Toa mkono hapo hapo, usijaribu "kulainisha". Hamia mahali pengine au shika kiganja tu. Maumivu mapya mahali pamoja yaandike na kuyaripoti.

Mgongo unauma, miguu imelegea ghafla, au ameshindwa kuzuia mkojo. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Hii ni dharura; saa zinahesabika kati ya kutembea na kutotembea tena. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Ana joto. Kwa aliye kwenye kemo, nyuzi 38 au zaidi ni dharura hata kama anaonekana mzima. Usimkande, usimpe panadoli ukangoja asubuhi. Nenda.

Anahema kwa shida ghafla au kifua kinamchoma, hasa kama mguu ulikuwa umevimba. Dharura vilevile.

Ameanza kulia. Hutokea sana, na si dalili kwamba umekosea. Acha kusugua lakini usiondoe mikono, usimwambie anyamaze. Akitaka kusema, sikiliza.

Amesinzia. Ndiyo ulichokuwa unakitafuta. Futa mafuta, mfunike, ondoka.

Nafuu inaisha baada ya saa moja. Ni kawaida. Rudia jioni. Lakini kama maumivu yanarudi kabla ya dozi nyingine ya mofini kufika, tatizo ni dozi. Waone watu wa tiba shufaa, wale wanaoshughulikia kupunguza maumivu ya wagonjwa, waipange upya. Mofini ya maji ni dawa halali, hutolewa kwa wagonjwa kama wako, na akiitumia kama alivyoandikiwa haimuui. Usipunguze dozi kwa sababu amekandwa vizuri leo.

Mikono yako imechoka, au roho yako. Mfundishe mtu wa pili tangu wiki ya kwanza. Mwonyeshe kwa kumkanda yeye mwenyewe ili ajue uzito wa mkono unaotakiwa, kisha akukande wewe. Mpangieni siku.

Mnataka kumlipa mkandaji. Muulize kabla ya bei: amewahi kukanda wagonjwa wa saratani? Atafanya nini akiambiwa chembe sahani ziko chini? Atakwepa nini kwa mama aliyetolewa titi? Asipouliza yeye mwenyewe kuhusu dawa, mionzi na upasuaji, huyo hajui anachokishika, hata kama vyeti vimejaa ukutani. Na akidai kwamba mikono yake inayeyusha uvimbe, hela yenu itumieni kwa nauli ya kliniki.